Chai ya Marehemu

Inspekta Kaloki alimkuta Mungu Dagoretti Corner, ndani ya kibanda cha mbao, akibadilisha kava ya simu ya mteja kwa bisibisi ndogo kama kijiti cha meno. Mungu alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nywele za kusuka, macho mekundu ya mtu aliyelia mpaka akachoka kulia. Kanisani walimwita Ivyne.

"Ni wewe Mungu?" Kaloki aliuliza.

Mteja aligeuka, akampima Kaloki kuanzia kofia hadi kiatu, akachukua simu yake na kava ikiwa nusu, akaenda zake. Corner ina wahubiri wa kila namna, na mtu mwenye akili huondoka kabla kikapu cha sadaka hakijatolewa.

"Nilikuwa Jumamosi," msichana alisema. "Leo ni mimi tu."

Nyuma ya Kaloki alisimama Sajini Macharia na yai la kuchemsha lililopasuliwa katikati na kujazwa kachumbari. Macharia ndiye aliyefika kwanza Kabiria Jumamosi ile, ndiye aliyehoji watu, ndiye aliyepata muuaji kabla chai yake ya saa kumi haijapoa. Asubuhi ya leo, Jumanne, daktari wa mochari alikuwa amempigia Kaloki simu, na tangu hapo Macharia alikuwa akila mayai mfululizo.

Mambo yalikuwa hivi. Jumamosi mchana mvua iliwafungia vijana sita nyumbani kwa Norman, Kabiria, na stima ikapotea. Wakacheza ule mchezo wao wanaouita Mji. Kila mtu hupewa karata moja kwa siri. Mwenye mfalme ni muuaji, mwenye malkia ni daktari wa kumwokoa aliyechaguliwa, waliobaki ni raia wa kawaida, yaani watu wa kufa tu. Mmoja hachezi bali huongoza, na kwa kuwa yeye peke yake ndiye huona kila kitu, wenzake humwita Mungu. Mungu akisema mji ulale, wote hufumba macho na kujipiga mapaja kwa viganja, pa pa pa, ili asisikike anayejisogeza. Akisema muuaji aamke, mwenye mfalme hufumbua macho na kumnyooshea kidole anayetaka afe. Kukikucha, mji hubishana, kisha humtoa kwa kura yule wanayemshuku. Mchezo hauna bodi, na kwa kawaida hauna maiti.

Jumamosi Mungu alisema, "Mji uamke, Dedan ameuawa," na Dedan kweli alikuwa ameuawa.

Walimcheka. Dedan alikuwa ameegemea ukuta, kidevu kifuani, povu kidogo mdomoni, na wakasema leo ameigiza vizuri. Wakapiga kura huku amelala hapo hapo katikati yao. Wakaimba kwa sauti moja, kama walivyozoea, "Muuaji ni Zadock, muuaji ni Zadock," mpaka Shiru, dadake Dedan, alipomtikisa kaka yake ili ampongeze. Kisha ikatoka nduru.

Majirani walifika tayari wakiwa na jina, kwa sababu walikuwa wamelisikia likiimbwa. Nduru na jina vikishakutana, watu hawangoji polisi. Zadock Were, fundi wa rangi kutoka Butere, kijana ambaye alikuwa bado ameshika karata yake ya mfalme mkononi, alitolewa nje akaangushiwa mawe na mbao za fensi. Macharia alipofika alimwokoa, akimfunga pingu. Sasa alikuwa wodini, mkono mmoja umefungwa kwenye chuma cha kitanda, na tangu Jumamosi hajaamka. Dadake, Peres, alikuwa hajatoka kwenye benchi la nje ya wodi. Asubuhi Kaloki alipopita hapo, Peres hakuomba mengi.

"Ndugu yangu akiamka, aamke kama mtu," alisema. "Nyinyi mtoeni hiyo chuma tu. Mengine niachieni."

Kaloki hakuweza kuitoa. Kwenye faili palikuwa na shahidi aliyeona kwa macho yake. Ndiyo maana alikuwa hapa kibandani, mbele ya shahidi mwenyewe.

"Ulimwambia sajini kwamba Zadock alimuua Dedan."

"Ndiyo."

"Alimuua vipi?"

Ivyne alimtazama kama anayeulizwa mvua hunyesha vipi. "Kwa kidole."

Macharia aliacha kutafuna.

"Nieleze polepole," Kaloki alisema. "Kama unamweleza nyanya yako."

"Nilisema muuaji aamke. Zadock akaamka. Akanyooshea Dedan kidole. Nikamwambia alale, akalala. Mimi ndio nilikuwa naona, hao wengine walikuwa wamefunga macho."

"Zadock aliinuka?"

"Hapana. Ukiinuka wanakusikia."

"Aligusa kikombe cha Dedan?"

"Dedan alikuwa huko mwisho ya mkeka. Angeigusa na nini?"

Kaloki alimgeukia sajini wake. Macharia alimeza kilichokuwa mdomoni, kikashuka kwa shida.

"Afande, mimi niliuliza swali safi. Nikamuuliza nani amemuua Dedan, akaniambia Zadock. Nikamuuliza una uhakika, akaniambia nimeona na macho yangu. Nikamuuliza kuna mtu mwingine aliamka, akasema Zadock peke yake. Sasa ulitaka niulize nini tena, nimuulize kama anampenda Yesu?"

"Daktari amepata sumu ya panya tumboni," Kaloki alimwambia Ivyne. "Ndani ya chai. Sumu haitoki kwa kidole."

Ivyne aliweka bisibisi chini. Akaiokota, akaiweka tena. "Kichwa yangu ilikuwa bado huko ndani ya gemu," alisema. "Aliniuliza nani amemuua, na mimi... Afande, Zadock amefungwa kwa sababu ya hiyo?"

"Hiyo ndiyo kubwa."

"Na ile kupigwa?"

Kaloki alikwepa swali hilo. "Chai ilipikwa na nani?"

"Marehemu."

"Mwenyewe?"

"Eeh. Alileta ya maziwa kwa chupa, na kikombe moja ya strungi pembeni, ya Dedan. Maziwa humsumbua tumbo."

Macharia alijifuta vidole kwa leso, uso umechangamka. Walipokuwa wakirudi kwenye Landrova alisema, "Basi imeisha, afande. Ameipika mwenyewe, ameileta mwenyewe, ameinywa mwenyewe. Amejiua mbele ya mashahidi na Mungu akiwapo. Ni dhambi, lakini si kazi yetu."

Kaloki alifungua mlango wa nyuma, akamwashiria Ivyne apande. "Twende Kabiria."

*

Norman alikuwa na nyumba ya mawe ya chumba kimoja kikubwa, choo nje, na jikoni la mabati ng'ambo ya ua. Langoni iliegeshwa pikapu ya duka moja la hadwea la Parklands, ambako Norman alikuwa dereva na Dedan mpakiaji wake. Kaloki alipita mbele ya gari, akasimama kidogo. Taa ya kulia ilikuwa ya manjano na mikwaruzo ya miaka. Ya kushoto iling'aa kama jino la dhahabu kwa mzee wa kijiji.

"Karibuni, afande, karibuni," Norman alisema mlangoni. Alikuwa kijana mrefu, shati limepigwa pasi, sauti ya chini ya mtu wa kamati ya mazishi. "Poleni na matope. Pole pia kwa hali ya hapa, tunaomboleza tu."

Ndani walikuwapo Shiru, ameketi na leso kichwani, na Mbuthia, kinyozi, ambaye kwa kawaida hunyoa kichwa kimoja kwa saa nzima kwa sababu ya utani. Leo alikuwa kimya, na ukimya ulimkaa vibaya kama suti ya kuazima.

"Kila mtu akae pale alipokuwa Jumamosi," Kaloki alisema.

Waliketi kwenye mkeka bila kutazamana. Ivyne alisimama katikati. Pengo lilibaki upande wa dirisha, mahali pa Zadock, na jingine mwisho wa mkeka, ukutani, kando ya Shiru. Norman peke yake hakuketi. Aliegemea mwimo wa mlango wa nyuma, ule unaotokea uani.

"Mchezo ulianza vipi?"

"Kawaida tu," Mbuthia alisema. "Usiku ya kwanza Zadock alinichagua mimi, lakini Shiru alikuwa daktari, akaniokoa. Asante Shiru. Asubuhi tukapiga kura, tukamtoa Norman. Chai ikaja, tukanywa, usiku ya pili ndio... ndio hiyo."

"Kwa nini Norman?"

"Hata sijui. Huyo hatukuwangi tunamweza, afande. Norman anaweza kukuuzia meno yako mwenyewe. Huwa anabaki mpaka mwisho. Lakini Jumamosi hakujitetea. Alisema tu, nitoeni."

"Nilikuwa nimechoka," Norman alisema.

Kaloki alitikisa kichwa kama mtu anayeelewa uchovu. Alivuka chumba, akafungua mlango wa nyuma, akachungulia ua. Hapakuwa na njia ya mawe wala ubao wa kukanyagia, ni tope tupu mpaka jikoni. Alimtuma Macharia akahesabu sufuria. Macharia alikwenda, akarudi na kilo ya Kabiria kwenye kila kiatu.

"Sufuria mbili, jiko la mafuta moja, afande. Panya hakuna."

Kaloki alimtazama viatu muda mrefu kiasi kwamba Macharia alianza kuona aibu. Kisha akachuchumaa mbele ya Shiru.

"Mama, nisamehe nikuulize. Asubuhi nilimwona kaka yako kule mochari. Mguu wake una plasta."

"Alianguka kwa gari wakishusha mizigo. Kabla ya mwezi uliopita kuisha."

"Mliandika majina yenu juu yake."

"Mbuthia aliandika matusi." Karibu atabasamu. "Mimi nikayafuta."

"Jumamosi alikujaje hapa?"

"Norman alitupitia na pikapu. Hawa wawili wakambeba kutoka langoni mpaka hapa mkekani, maana mvua ilikuwa inanyesha na daktari alisema plasta isilowe."

"Akainuka saa ngapi?"

"Hakuinuka."

"Hata kwenda jikoni?"

"Na huo mguu?"

Kaloki aliona tena ule mguu juu ya meza ya mochari. Majina ya biro, doa lililofutwa, na unyayo wa plasta uliokuwa mweupe kama sahani za wageni. Mguu huo haukuwa umekanyaga ua wowote. Alirudi kwenye swali lile lile, akaliuliza taratibu, akimtazama Shiru mdomoni.

"Sasa chai ilipikwa na nani?"

"Marehemu," Shiru alisema.

Alilisema kama mtu anayetaja siku ya juma. Msichana ambaye kaka yake alikuwa hajazikwa, ambaye sauti yake ilikatika kila alipofika kwenye jina la Dedan, alilitamka neno hilo bila kupepesa jicho.

"Marehemu yupi?"

Mbuthia alimtazama Kaloki, akamtazama Ivyne, na pole pole akaweka kiganja juu ya kichwa chake.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza. Kwani nyinyi mlidhani tunasema Dedan?"

"Sema wewe."

"Afande, hapa kwetu wa kwanza kutolewa ndio anaitwa marehemu. Hana kazi, hachezi tena, kwa hivyo anaenda kupikia walio hai chai. Ni sheria yetu. Tangu zamani."

"Ndiyo," Ivyne alisema kwa sauti ndogo. "Marehemu hupika."

"Basi nionyesheni marehemu wa Jumamosi."

Hawakusema jina. Walifanya walichozoea kufanya kwenye mkeka ule. Vidole vitatu viliinuka, cha Shiru, cha Mbuthia na cha Mungu, vyote vikaelekea mlango wa nyuma.

Norman alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyagwa na mgeni wa heshima. "Na nimekataa? Mimi ndio nilipika. Hakuna aliyeniuliza."

"Nilikuuliza," Macharia alisema. Yai na aibu vilikuwa vimemtoka. Sasa alikuwa polisi. "Jumamosi, hapo nje, huyo kijana mwingine akiwa chini. Nilikuuliza chai ilipikwa na nani. Ukaniambia marehemu."

"Sote tulikuwa tunaongea hivyo. Tulikuwa tumechanganyikiwa."

"Hawa walikuwa wamechanganyikiwa," Kaloki alisema. "Huyu msichana alichanganyikiwa mpaka akamfunga rafiki yake kwa ulimi. Wewe ulikuwa umechanganyikiwa ukifanya nini? Wakati watu walikuwa wanampiga Zadock uani, ulikuwa wapi?"

Mbuthia ndiye aliyejibu, akitazama mkeka.

"Alikuwa anaosha vikombe. Mimi nilikuwa nje nawashika watu mikono, nawaambia ni gemu, ni gemu tu, mpaka wakanigonga hapa." Aligusa nyuma ya sikio. "Nikageuka nikuite, Norman. Nikakuona jikoni unasuuza kikombe. Nikasema moyoni, ni mshtuko. Watu hufanya vitu."

"Ilikuwa mshtuko."

"Ulipoambiwa ujitetee," Kaloki alisema, "wewe unayeuzia watu meno yao, ulisema nitoeni. Ulitaka kutolewa kwa sababu ulitaka jikoni. Na ulijua kikombe kimoja tu hakina maziwa."

"Kwa nini nimuue Dedan? Dedan ni kama ndugu yangu. Nimemkalisha kwa gari yangu miaka mitatu."

Kaloki alimgeukia Shiru. "Dedan alikuwa na mpango gani Jumapili?"

"Kanisa tu." Alifikiri. "Alisema atasimama atoe ushuhuda. Nilidhani ni wa mguu, kwamba Mungu alimwokoa. Lakini alikuwa halali vizuri. Alikuwa anaota mama mmoja wa Parklands, mwenye sari, ametoka hekaluni na mwavuli. Nilimuuliza ni nani, akaniambia nitasikia Jumapili pamoja na wengine."

Nje, kuku wa jirani alikuwa akibishana na mvua iliyoanza tena.

"Wenzetu wa kituo cha Parklands wana bahasha," Kaloki alisema, sasa akimwambia Norman peke yake. "Ndani yake kuna vioo vya taa ya gari, vya upande wa kushoto, vilivyookotwa barabarani kando ya mwavuli. Mama huyo hakupona. Gari halikusimama. Vioo hivyo vinatafuta gari lao tangu kabla ya mwezi uliopita kuisha. Dedan alikuwa nyuma na mizigo, akarushwa, akavunjika mguu. Nyinyi mkasema ameteleza. Ukanunua taa mpya. Ungenunua mbili, rafiki yangu. Moja inajionyesha."

Hapo ndipo Norman alipojitetea. Alijitetea kuliko alivyowahi kujitetea kwenye mkeka ule. Alisema mvua ilikuwa nyingi. Alisema yule mama alitoka kama kivuli. Alisema bosi angemfukuza, na mamake Gatundu anamtegemea yeye, na alimwomba Dedan kwa magoti, akamsihi, na Dedan akasema hawezi kulala. Alisema hakujua dawa ile ingefanya vile. Alitaka augue tu, Jumapili ipite. Alisema Zadock hakuwa kwenye mawazo yake kabisa, kwamba hilo la Zadock ni watu walifanya.

"Uliwasikia wakiimba jina lake," Shiru alisema. "Ulikuwa hapo hapo mlangoni. Kaka yangu amekufa mbele yako, na wewe ukaimba nasi."

Macharia alimshika Norman suruali kiunoni kwa nyuma, ule mshiko wa kituo, mpaka visigino vikaacha sakafu.

"Mfunge," Kaloki alisema.

"Na nini, afande? Pingu zetu ni jozi moja, na ziko kwa Zadock."

Kaloki alitoa simu, akampigia konstebo aliyekuwa akilinda kitanda. Ivyne alikuwa amesogea karibu naye, mikono imeshikana kifuani.

"Mfungue huyo kijana," Kaloki alisema. "Mara moja. Kisha lete pingu Kabiria."

Upande wa pili wa simu kulikuwa na sauti ya mwanamke mbali, sauti moja ndefu isiyokuwa na maneno.

"Zimeshafunguliwa, afande," konstebo alisema. "Nilikuwa natafuta namba yako. Amekata roho sasa hivi. Dadake aliomba tuzitoe kabla hawajamfunika. Nimeona si vibaya."

"Si vibaya," Kaloki alisema. "Zilete."

Alirudisha simu mfukoni. Ivyne alikuwa akimtazama usoni, akingoja.

"Afande, Zadock amefunguliwa?"

Mvua iligonga mabati ya jikoni, pa pa pa, kama viganja juu ya mapaja. Kaloki alimjibu msichana kama msichana alivyomjibu sajini Jumamosi: neno la kweli, na hakuongeza jingine.

"Amefunguliwa."

Ivyne alikaa chini pale pale katikati ya mkeka. Alishusha pumzi aliyokuwa ameibana siku zote hizo. Kisha Mungu akafumba macho.